Mbu wa Maabara na Mbu wa Kijijini: Ushauri kwa Mtafiti Anayeanza

Nimefanya kazi kwa miaka kadhaa kati ya chumba cha kufugia mbu na vibanda vya majaribio vijijini (vijumba ambamo mtu hulala usiku ili mbu wanaoingia wachunguzwe), na ushauri ninaowapa wanafunzi wa tabia za mbu ni huu: kabla hujaandika kwamba mbu anapenda jambo fulani, orodhesha kwanza yale ambayo maabara ilimnyima nafasi ya kuyafanya.

Chukua suala la miguu. Mwaka 1995 Ruurd de Jong na Bart Knols walichapisha matokeo ya jaribio ambalo mtu aliketi uchi, ametulia tuli, huku mbu wakiachiwa ndani ya chumba. Anopheles gambiae, mbu wanaoeneza malaria, walielekea zaidi miguuni, na miguu ilipooshwa kwa sabuni ya kuua bakteria, mpangilio wa kuuma ulibadilika. Ilionekana wazi kwamba mvuto ni harufu ya miguu. Baadaye watafiti wengine walibadilisha mkao wa mtu, wakaona kwamba akiinua miguu juu, mbu huuma zaidi sehemu zilizo karibu na ardhi. Harufu ina nafasi yake, lakini kimo anachoruka mbu nacho kina nafasi yake, na jaribio la mtu aliyeketi tu haliwezi kuvitenganisha. Vijijini tofauti hiyo si ya kinadharia: dawa ya kufukuza mbu inayopakwa miguuni ina manufaa wakati watu wameketi nje jioni wakipika na kuzungumza, ilhali usiku wa manane, mtu akiwa amelala, ulinzi unaotegemewa ni chandarua.

Kinachosahaulika zaidi, kwa maoni yangu, ni njia ya kutokea. Katika kipimo cha mirija cha Shirika la Afya Duniani, mbu jike huwekwa pamoja na karatasi yenye kiuatilifu kwa saa 1, kisha vifo huhesabiwa baada ya saa 24. Kipimo hicho kinafaa sana kubaini usugu wa mbu dhidi ya dawa, ila mbu aliye ndani ya mrija hana pa kwenda. Katika nyumba yenye uwazi kati ya ukuta na paa, mbu anayekerwa na dawa anaweza kuondoka kabla hajapata kiasi cha kumuua. Ndiyo maana alfajiri, ukiingia kibandani na tochi na vikombe vyako vya karatasi, usiishie kuokota mbu waliokufa kwenye shuka jeupe lililotandikwa sakafuni. Kagua mtego wa dirishani, uwahesabu waliotoka, na uandike nani ameshiba damu na nani hana kitu tumboni.

Saa za taa nazo zisikupite, kwa kuwa mbu wa usiku anayejaribiwa saa nne asubuhi, bila mwanga wa chumba chake kugeuzwa ili mchana uwe usiku kwake, anajaribiwa wakati wake wa kupumzika. Tena uliza asili ya mbu wako. Anopheles funestus, mbu mwingine wa malaria, ni mgumu kufugwa kwa sababu hapandani kwa urahisi kizimbani, na koloni yoyote ya zamani, yaani kizazi cha mbu wanaofugwa maabara, imetokana na wale waliokubali kupandana humo.

Hata hivyo, usiidharau maabara. Usiku ambao mbu ni wachache kibandani unaweza kuelezwa na upepo, mvua au zizi la ng'ombe la jirani, na ni maabara itakayokuwezesha kupima sababu moja moja. Ukipata nafasi, pitia katikati: mabanda makubwa ya wavu, kama yale ya Ifakara nchini Tanzania, yana mimea na vijumba ndani yake, na mbu huruka humo wakati idadi yao unaijua.