Muulize Mzee wa Sinema: Mitumbwi ya Bordeaux

Toleo lililopita niliitaja kwa kupita filamu ya Kiingereza ya mwaka 1955, The Cockleshell Heroes, na barua zimemiminika. Kwa ambaye hajaiona: kikosi kidogo cha Royal Marines, askari wa majini wa Uingereza, kinapelekwa kwa nyambizi hadi pwani ya Ufaransa mwaka 1942, kisha kinapiga kafi usiku kwa usiku hadi bandari ya Bordeaux, kwenda kubandika mabomu kwenye meli za Wajerumani. José Ferrer ndiye mwongozaji na ndiye anayeigiza Meja Stringer. Trevor Howard ni Kapteni Thompson. Nimechagua barua tano.

Shikamoo Mzee. Baba anasema hicho ni kisa cha kweli. Mimi nasema watu wachache hawawezi kuingia bandari ya Wajerumani kwa mitumbwi ya turubai. Tuamulie.

Marahaba, mwanangu. Baba yako yuko sahihi. Operesheni yenyewe iliitwa Frankton. Kiongozi wake hakuwa Stringer, jina hilo ni la filamu. Alikuwa Meja Herbert Hasler, mtu wa miaka 28 aliyependa mashua kuliko kitu chochote. Nyambizi Tuna iliwashusha usiku wa tarehe 7 Desemba 1942, nje ya mdomo wa Gironde, mlango wa mto unaopanda kuelekea Bordeaux. Mitumbwi ilikuwa sita, kila mmoja na watu wawili. Mmoja ulichanika turubai wakati wa kutolewa kwenye tundu la nyambizi, na wenyewe wakabaki ndani wakiwatazama wenzao wakiondoka. Ikabaki mitano, watu kumi.

Nimekulia kando ya bahari, kwa hiyo kuna jambo nalitazama ambalo filamu inalipita haraka mno: maji. Safari ile ilipangwa kwa mwezi mchanga, ili pawe na giza. Lakini mwezi mchanga ni bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kwa nguvu kuliko kawaida, na bamvua kwenye mlango wa mto mkubwa si mchezo. Mikondo ilipokutana karibu na rasi ya Pointe de Grave, bahari ilichafuka kwa namna ambayo hawakuitarajia. Mtumbwi ulioitwa Coalfish ulipotelea humo. Mwingine, Conger, ukapinduka, na watu wake, Sheard na Moffatt, wakaachwa majini wajaribu kuogelea hadi nchi kavu, katika baridi ya Desemba, kwa sababu mitumbwi iliyobaki isingeweza kuwabeba bila kuzama. Kwa Hasler uamuzi huo ulikuwa mzito kuliko wote. Wote wawili walikufa.

Waliobaki walikwenda kwa kufuata maji. Yakijaa, wanapiga kafi na mkondo unawasukuma juu. Yakianza kupwa, wanaingia kwenye matete, wanafunika mtumbwi kwa wavu na kulala wakiwa wamelowa. Mtumbwi wa tatu, Cuttlefish, ulipotezana nao njiani. Ni miwili tu iliyofika bandarini: Catfish wa Hasler na Bill Sparks, na Crayfish wa Albert Laver na William Mills. Usiku wa kuamkia tarehe 12 walibandika mabomu ya sumaku chini ya mstari wa maji, wakitumia fimbo ndefu. Mlinzi mmoja aliwamulika Hasler na Sparks kwa tochi kutoka sitahani. Wakajiinamia bila kutikisika, wakauacha mkondo uwachukue taratibu ubavuni mwa meli hadi wakatoka kwenye mwanga.

Kwa nini wasingetuma ndege zikapiga mabomu, yakaisha?

Kwa sababu Bordeaux ni mji wa watu. Mabomu ya ndege za wakati ule yangewaua Wafaransa wengi, na meli pengine zingebaki zimesimama. Zilizotafutwa ni meli zilizokuwa zikipenya mzingiro wa Waingereza baharini na kwenda hadi Mashariki ya Mbali, kwa Wajapani. Zilirudi na mpira na bidhaa nyingine ambazo viwanda vya Ujerumani havikuwa na pa kuzipata.

Mzee, mwisho wa filamu ulinitoa machozi. Waliokamatwa wanasimamishwa mbele ya bunduki wakiwa wamekataa kusema, na mabomu yanalipuka bandarini wakati uleule. Je, walikufa hivyo kweli?

Hapana, binti yangu. Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ni hapa ambapo filamu na ukweli vinaachana, na mimi sijaweza kuliachia jambo hili kila ninapoitazama.

Sajini Samuel Wallace na Robert Ewart, wa Coalfish, walikamatwa asubuhi ya tarehe 8, safari ikiwa ndiyo kwanza imeanza. Walikuwa na sare zao. Walihojiwa. Mitumbwi mingine iliendelea kupanda mto na ikafika, kwa hiyo unaweza kupima mwenyewe ni kiasi gani Wajerumani walipata kutoka kwao. Walipigwa risasi usiku wa tarehe 11 Desemba, kwenye shimo la mchanga katika msitu kaskazini mwa Bordeaux, kabla bomu hata moja halijalipuka. Hawakusikia kitu.

Laver na Mills kazi yao waliimaliza. Walizamisha mtumbwi wao, wakashika njia ya miguu kuelekea bara, na tarehe 14 wakakamatwa Montlieu. John MacKinnon na James Conway, wa ule mtumbwi uliopotezana na wenzake, waliendelea peke yao hadi mtumbwi ukaharibika, nao wakaja kukamatwa La Réole. Hawa wanne hawakuuawa siku ile ya milipuko. Walifungwa, wakahojiwa, na ushahidi unaonyesha kwamba waliuawa Paris mwaka 1943.

Sababu ni amri ambayo Hitler aliitoa tarehe 18 Oktoba 1942, kwamba komando yeyote atakayekamatwa auawe, hata akiwa na sare, hata akinyoosha mikono. Ilikuwa amri ya siri, na Hasler na watu wake hawakuijua. Walijua kwamba mwanajeshi mwenye sare akikamatwa anakuwa mfungwa wa vita. Makao makuu ya wanamaji wa Kijerumani yenyewe yaliandika kwenye kitabu chake cha kumbukumbu za vita kwamba kuwapiga risasi watu wale lilikuwa jambo jipya katika sheria ya mataifa, kwa kuwa askari walivaa sare. Waliandika hivyo, na waliua hivyo hivyo. Karatasi hiyo ikaja kusomwa Nuremberg, kwenye kesi za viongozi wa Kijerumani baada ya vita.

Sasa tazama kilichofanywa kwenye sinema. Risasi na mlipuko vimeunganishwa. Mtazamaji anaona mtu akianguka na papo hapo anaona meli ikipasuka, moyo unapata pa kuegemea: hakufa bure, na amekufa akijua. Naelewa kwa nini ilifanywa hivyo. Mwaka 1955 mama zao walikuwa hai na walikwenda sinema kama watu wengine. Lakini kwa kufanya hivyo filamu imeyageuza mauaji kuwa ushindi, na imewaondolea wale vijana miezi ya seli ambayo ndiyo ilikuwa ngumu kuliko kafi na baridi. Kukaa kimya kwa dakika tano mbele ya bunduki, muziki ukipiga, ni jambo moja. Kukaa kimya kuanzia Desemba hadi mwaka wa pili, bila mlipuko wala muziki, bila mtu wa nyumbani kujua uko wapi, ni ushujaa ambao sinema ile haikuugusa kabisa.

Na majina yao hayamo kwenye filamu. Basi yawemo hapa: Wallace, Ewart, Laver, Mills, MacKinnon, Conway. Na wa baharini: George Sheard na David Moffatt.

Ule ugomvi wa Stringer na Thompson ulikuwepo? Na faida ya shambulio ilikuwa nini hasa, maana nimesoma kwamba meli zilitengenezwa.

Ugomvi ni wa waandishi wa filamu, na kwangu ndio sehemu nzuri kuliko zote. Howard anaigiza ofisa aliyesahauliwa, mwenye uchungu uliokaa miaka, na kila anapoingia chumbani hewa inabadilika. Vichekesho vya baa na mke wa askari Ruddock ningevikata vyote. Filamu imepunguza kushindwa kwa mazoezi: zoezi lao kubwa, lililoitwa Blanket, la kupiga kafi kwenye Thames kutoka Margate kwenda Deptford, halikufanikiwa hata kidogo. Hasler alikwenda kumwambia Mountbatten, mkuu wa operesheni hizo, kwamba wameshindwa kabisa. Mountbatten akafurahi kwamba wamejifunza, akawaruhusu waende.

Kuhusu faida, umesoma sawa. Meli tano zilipata madhara, lakini bandari ile haina kina kirefu. Zilikaa kwenye tope, zikapigwa pampu, zikatengenezwa. Na kuna jambo linaloniumiza zaidi. Wakati huohuo, Bordeaux kwenyewe, alikuwepo jasusi wa Waingereza, Claude de Baissac, mzaliwa wa Mauritius, na kundi lake la siri lilikuwa likiandaa baruti za kulipua meli hizohizo. Idara moja ya London haikuiambia nyingine. Baada ya Frankton ndipo ukawekwa utaratibu wa kuhakikisha mipango ya namna hiyo haigongani. Hapakuwa na sababu ya watu kumi kuingia kwenye mkondo ule bila London kuulizana kwanza, na hilo silisemi kwa kupunguza ushujaa wao. Ni wakubwa ninaowasema.

Shikamoo nyingi kwako Mzee, najua wewe ndiye mkubwa lakini mjukuu wangu ndiye anayeuliza: Hasler na Sparks waliishia wapi? Na tutazame filamu gani nyingine ya aina hii?

Mwambie mjukuu kwamba walitembea kilomita zaidi ya 150 hadi mji wa Ruffec, wakiwa wamevaa nguo walizoomba kwa wakulima, na hotelini hapo wakapata watu wa mtandao wa siri wa Mary Lindell, uliowasaidia askari kutoroka. Wakavushwa milima ya Pyrenees hadi Hispania, kisha Gibraltar. Hasler baadaye alianzisha mashindano ya kuvuka Atlantiki kila mtu peke yake kwenye mashua yake. Katika yale ya kwanza, 1960, alikuwa wa pili nyuma ya Francis Chichester. Alifariki 1987. Sparks aliendesha basi London, na mwaka 1988 aliuza medali zake kwa mnada. Alifariki 2002.

Ya kutazama ni The Heroes of Telemark ya 1965, na Kirk Douglas na Richard Harris, kuhusu kiwanda cha Vemork, Norway, kilichotengeneza maji mazito, aina ya maji yaliyohitajiwa katika utafiti wa nyuklia wa Wajerumani. Milima na theluji ni ya Norway kwelikweli. Mkishaiona, mjukuu asome kuhusu Operesheni Freshman ya Novemba 1942, jaribio la kwanza la Waingereza la kukifikia kiwanda hicho. Ndege zao zisizo na injini zilianguka, na walionusurika waliuawa wakiwa na sare zao, kwa amri ileile ya Oktoba.