Mwache mtoto ashindwe kwenye ubao

Mwanangu alipokuwa na miaka sita nilikuwa namwachia ashinde. Tukicheza nyoka na ngazi, kila alipomezwa nilijifanya nimehesabu vibaya ili arudi juu. Siku alipocheza na wenzake akamezwa kwenye 98, akapindua ubao, dadu ikaishia chini ya kabati. Kosa lilikuwa langu. Sikuwahi kumpa nafasi ya kushindwa mahali ambapo kushindwa hakumgharimu kitu.

Nafundisha shule ya msingi, na tangu siku ile nacheza na watoto bila kuwapunguzia. Wadogo naanza nao na nyoka na ngazi. Watu wazima huudharau mchezo huu kwa kuwa ni bahati tupu. Mimi naupendea hilo hilo: anayeshindwa hana wa kumlaumu wala hajioni mjinga. Anachofanya ni kungoja zamu, kuhesabu bila kuruka mraba, na kumkabidhi mwenzake dadu badala ya kumrushia.

Kwenye ludo mtoto anaanza kuchagua. Ana kete nne, na wengi hukimbiza moja tu, tatu zimelala nyumbani zikisubiri sita. Hiyo moja ikiliwa, kilio. Zamani nilikuwa nasimamisha mchezo na kuanza kuhutubia. Usifanye hivyo, watachoka na wewe kabla hawajachoka na ludo. Siku hizi nangoja mchezo uishe, nauliza swali moja: "Ile kete uliisogeza kwa nini?" Kisha nanyamaza.

Drafti ndiyo niipendayo, ila siharakishi kuileta; kabla ya miaka minane hivi, naona wengi hawajawa tayari. Hakuna dadu ya kusingizia. Tena tunacheza kwa kanuni kwamba ukipata cha kula lazima ule, na hapo ndipo mtoto mwenye pupa anapokamatwa. Nina mwanafunzi mmoja mpole sana. Alimtolea mwenzake kete moja, mwenzake akaila kwa furaha, yeye akala tatu mfululizo. Darasa zima lilisogea kutazama. Somo la kutanguliza hasara ndogo kwa faida ya mbele ningelieleza kwa maneno mpaka jioni wasinielewe.

Ugomvi mkubwa wa drafti huwa juu ya kingi, yaani kete iliyofika mwisho wa ubao upande wa mwenzako: anaruka mbali au anakwenda hatua moja? Kanuni zote mbili zipo duniani, kwa hiyo siamui mimi. Wanakubaliana kabla ya kuanza, naandika kwenye karatasi, na katikati ya mchezo hakuna kubadilisha.

Kuhusu wanaoiba mchezo: mmoja nilimfanya benki kwenye Monopoly, mchezo wa kununua mali kwa pesa za bandia. Kila mchezaji anaanza na 1,500, yeye ndiye mhesabuji, na macho yote yako kwake. Aliacha wizi, akawa mkali kuliko mimi. Huo mchezo lakini weka saa. Dakika 45 zinatosha, mwenye mali nyingi ashinde, la sivyo aliyefilisika mapema atakaa pembeni akichokoza wenzake.

Vifaa visikuzuie. Vifungo vya nguo vinafaa kuwa kete, ubao wa drafti ni miraba 64 unayoweza kuichora. Dadu ikipotea, andika 1 hadi 6 kwenye vikaratasi mchote kwenye kikombe, ila vikunje mwenyewe. Wangu waligundua haraka namna ya kuitia alama ile sita.