Nora na mlango usiobamizwa

Kwa aliyelalamika kwamba A Doll's House, tamthilia ya Henrik Ibsen, kama ilivyoigizwa Broadway, New York, 2023, "haina hata meza": si ubahili, ni makusudi ya mwongozaji, Jamie Lloyd. Watazamaji waliingia ukumbini wakimkuta Jessica Chastain, aliyeigiza Nora, keshakaa kitini, jukwaa likimzungusha polepole, kimya. Hakukuwa na mti wa Krismasi wala vidude vya kushikashika, kwa hiyo masikio yalibaki kwenye maneno, na hapo ndipo Ibsen anapouma.

Sikiliza pale hati ya deni inaporudishwa. Nora alighushi saini ya baba yake ili akope pesa za kumtibu mumewe. Torvald, mumewe, kamtukana weee, halafu hati hiyo hapo mkononi, na anachosema ni kwamba YEYE ameokoka. Nora anauliza, na mimi je? Eti na wewe pia, bila shaka! Ndoa imeishia hapo, mlango anaotokea Nora mwishoni, akimwacha mume na watoto, ni taratibu tu.

Na mlango ulikuwepo. Mwishoni ukuta wa nyuma ulifunguka, Chastain akatoka hadi mtaani kwelikweli. Mimi naona ni bora kuliko kile kishindo cha mlango kubamizwa alichokiandika Ibsen.

Na kwa wanaosema Nora "angebaki kwa ajili ya watoto": mwisho huo uliwahi kuandikwa, 1880, kwa jukwaa la Ujerumani, kwa sababu mwigizaji mkuu aligoma kuigiza mama anayewaacha watoto. Ibsen aliuandika mwenyewe kwa shingo upande, na aliuchukia.