Mgeni akisema "dawn", gari liwe mlangoni saa ngapi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mi ni dereva wa watalii hapa Arusha. Juzi mgeni kanitumia meseji "we leave at dawn", nikajua ni asubuhi tu, nikafika hotelini saa 1 nikamkuta kakaa kwenye ngazi na begi lake, kanuna, hata salamu kaitikia kwa shida. Hivi hilo neno maana yake nini hasa? Na mbona kwenye muvi mtu anasema "it dawned on me" na ni mchana kweupe?

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana. Mgeni alikuwa anawahi simba, maana jua likishapanda wanalala zao kivulini.

"Dawn" ni alfajiri, ule weupe unaoanza kabla jua halijaonekana. Likishachomoza hiyo ni "sunrise", sisi tunaita macheo, kwa hiyo wewe ulipofika dawn ilishapita zamani. Na huku kwetu karibu na ikweta haikawii, jua linapanda wima, ukianza kuona vizuri nje bila taa ni kama dakika 20 tu limetoka, London mwezi wa 6 inafika kama dakika 45.

Ila kinachotuchanganya zaidi ni hiki: sisi tukisema alfajiri tayari kichwani kuna saa, 10 au 11, lakini Mwingereza hana saa pale, kwao mwezi wa 6 jua linatoka kabla ya saa 11, mwezi wa 12 linatoka saa 2 asubuhi, na dawn inahama nalo.

Hiyo ya kwenye muvi ni kitenzi. Jambo lilikuwa gizani kichwani, likaanza kuonekana pole pole, kama unavyoamka ukaanza kuona dirisha, halafu kabati, halafu shati lililoning'inia mlangoni. Sisi tunasema "ndo ikanijia". Lakini uwe umeng'amua mwenyewe, ukiambiwa na mtu neno hilo halikai. Pia kuna "the dawn of independence", hapo usiandike alfajiri, ni mapambazuko ya uhuru.

Kutamka, vuta o, "doon", ukisema "daun" umesema chini.

Siku nyingine mjibu "What time exactly?" Akiandika 5:30, hiyo ni saa 11 na nusu yetu.