Mtu kafuta kurasa tatu, wengine hawaandiki: nihamie programu gani?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nafundisha darasa la jioni la watu wazima huku Kilosa, wanakisomo 23 wanaojiandaa na Mtihani wa Maarifa (QT), ule unaomfungulia mtu njia ya kufanya mtihani wa kidato cha nne. Niliwafungulia faili moja ya Google Docs ili tuandike pamoja muhtasari wa fasihi simulizi, linki nikaitupa kwenye kundi letu la WhatsApp. Wiki ya pili mtu kafuta kurasa tatu na hajulikani nani. Sasa wanaandika wawili tu. Wengine wananiambia bando limeisha. Nihamie programu gani?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Usihame kwanza. Hizo kurasa zipo. Fungua faili kwenye kompyuta, bonyeza Ctrl, Alt, Shift na H kwa pamoja. Pembeni itatokea orodha ya matoleo ya nyuma, kila moja na saa yake. Chagua la kabla ya kufutwa. Kama hakuna aliyeandika kitu baada ya hapo, lirudishe lote. Kama wapo walioandika, nakili zile kurasa tatu tu uzibandike kwenye faili la sasa, usije ukavuruga kazi yao.

Mhalifu humjui kwa sababu linki uliiacha wazi: yeyote aliyeipata anahariri, hata bila kujitambulisha. Ibadilishe iwe ya kutoa maoni. Hapo mtu akiongeza au akifuta neno, linabaki kuwa pendekezo mpaka wewe ulikubali. Na nina wasiwasi hata hakuwa mhalifu. Wengi wanatumia simu moja na watoto, na kidole cha mtoto wa miaka minne kinafuta kurasa tatu bila shida.

Kuhusu bando: kwenye programu ya Docs ya simu, faili linaweza kuwekwa litumike bila intaneti. Mtu anaandika nyumbani, akipata mtandao linajisawazisha lenyewe. Na kwenye WhatsApp wafundishe kuzima upakuaji wa video na picha wa moja kwa moja. Mara nyingi bando huishia kwenye video za salamu za asubuhi, si kwenye masomo.

Ila mimi siamini kwamba bando ndilo linalowanyamazisha. Faili moja kwa watu 23 ni sawa na kumwita mtu asimame aongee katikati ya soko. Mama wa miaka hamsini hataki mkwewe, ambaye pengine wako darasa moja, aone kwamba ameandika "apa" badala ya "hapa". Atasema bando limeisha.

Kumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu wapatao milioni mbili walijifunza kwa redio, lakini hawakuachwa na redio peke yake: walikaa katika vikundi, kila kikundi na kiongozi na kijitabu, wakisikiliza, wakijadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Kila mtu alikuwa na la kufanya. Wanakisomo wako wamepewa ukurasa mtupu.

Basi wagawe: vikundi vitano vya watu wanne na kimoja cha watatu. Kila kikundi kiwe na utanzu wake (kama vitendawili, methali, ngano, nyimbo za kazini) na karani mmoja anayeweza kuandika kwenye faili. Wengine watume ujumbe wa sauti kwa karani. Somo lako hapa linakubeba, maana fasihi simulizi ni ya kusemwa, na bibi wa Kikaguru aliyezitamba ngano miaka arobaini ana cha kukufundisha hata wewe. Akishasema, karani aandike, kisha kikundi kibishane: hii ni ngano au ni kisasili, yaani hadithi inayoeleza asili ya jambo? Ubishi huo ndio somo. Makosa ya tahajia msahihishe mtu faraghani, kamwe si mbele ya kundi.

Jambo moja zaidi. Kwenye kundi la WhatsApp namba ya kila mtu inaonekana na wote. Nimewahi kuwa na wanawake walioacha darasa kwa sababu ya simu za saa tano usiku. Waulize kina mama faraghani. Wakilalamika, Telegram inaruhusu mtu kufunga namba yake isionekane. Hiyo ndiyo sababu pekee ninayoiona ya kuhama.

Karani akichoka, mbadilishe kila wiki mbili.