Ile ya milimita 600 isubiri

Mwanangu,

Umeniuliza kama uuze lenzi yako ya milimita 400 ununue ya 600 (milimita zikizidi, lenzi huvuta zaidi), maana ndege wako wote kwenye picha wanatoka wadogo na wenye ukungu. Usiuze. Picha ulizonitumia nimezitazama moja moja, na shida kubwa ninayoiona ni umbali.

Piga hesabu. Ndege aliye mita 30 ukimpiga kwa milimita 600 anatoka na ukubwa ule ule wa aliye mita 20 ukimpiga kwa 400. Hizo mita 10 unaweza kuzipunguza bure. Tena ukiwa karibu, hewa iliyo kati yako na ndege inakuwa kidogo. Jua likishapanda ardhi hupata moto, hewa ya juu yake ikaanza kuchezacheza, na hakuna lenzi ya kuituliza. Yule yangeyange wako wa saa saba mchana, ng'ambo ya maji, angetoka vile vile hata kwa lenzi ya bei ya gari. Nenda asubuhi na mapema.

Kusogea ndiko kugumu. Usimwendee ndege moja kwa moja huku umemkazia macho; ndivyo anavyokuja mnyama anayetaka kumla. Pita upandeupande kama mtu mwenye safari zake, simama, inama, ngoja. Akinyoosha shingo au akiacha kula, umeshavuka mpaka wake, rudi nyuma kidogo. Bora zaidi, usisogee kabisa: tangulia wewe kufika pale anapokula au kunywa maji, ukae chini umngoje. Mdiria, kwa mfano, hurudia tawi lile lile. Hata gari ni maficho mazuri, ndege wengi hawalijali mpaka mlango ufunguke. Na ukikaa chini unamtazama usawa wa jicho lake, vilivyo nyuma yake vinabaki mbali na kulainika.

Kwenye kiota usiende. Mzazi akikimbia, mayai yanapoa au yanaungua jua, na kunguru aliyekuwa akikutazama ameshaonyeshwa njia. Picha za namna hiyo sizisifu, ziwe nzuri vipi.

Upande wa kamera, shata yako, yaani muda ambao kamera hupokea mwanga, ni ya polepole mno. Umepiga 1/250 ya sekunde ukiwa na milimita 400! Kanuni ya zamani inataka moja gawa kwa milimita za lenzi, angalau 1/400 kwako, na kwa kamera yenye kihisi kidogo (kile kibamba cha ndani kinachopokea mwanga) zidisha hiyo 400 mara 1.5, iwe 1/600. Hiyo ni kwa ajili ya mtikisiko wa mkono wako tu. Ndege naye anatikisa kichwa kila mara, kwa hiyo aliyetua mpe 1/1000, anayeruka 1/2000 au zaidi. Kitulizi cha lenzi hutuliza mkono, hakimtulizi ndege. Shata ya haraka hupokea mwanga kidogo, kwa hiyo ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, itapanda hadi 1600 au 3200 na picha itaingia chengachenga, iache ipande. Chenga hupunguzwa kwenye kompyuta, lakini manyoya yaliyofutika kwa mtikisiko hayarudi.

Fokasi iweke kwenye jicho. Kwa lenzi yako ikiwa f/5.6 (namba ya ukubwa wa tundu la mwanga; ikizidi, tundu hupungua), ndege aliye mita 5 ana kama sentimita 5 tu, mbele hadi nyuma, za kuonekana vizuri. Ukilenga bawa, jicho limepotea.

Wanaoruka, anza na njiwa. Mbayuwayu watakukatisha tamaa bure. Mwone kwanza kwa macho, kisha inua kamera bila kuyashusha, la sivyo utakuwa unatafuta anga tupu. Ndege kwa kawaida hupaa na kutua wakiukabili upepo, basi simama upepo na jua vikiwa mgongoni mwako, watakuja uso kwa uso nawe.

Kile kikuzio cha mara 2 ulichokitaja, cha kuchomekwa kati ya lenzi na kamera, achana nacho: f/5.6 yako inageuka f/11, na fokasi inaanza kuhangaika.

Utakapotuma nyingine, tuma ambazo hujazikata pembeni, na uniandikie kila ndege alikuwa umbali gani.

Baba yako