Maswali na Majibu: Mweupe Si Lazima Awe wa Ajabu

Safari hii karibu barua zote zinahusu weupe wa ndege: kunguru mwenye mabaka, shomoro mwenye doa, mnana aliyefifia. Nimechagua zile zenye maelezo ya kutosha. Waliouliza "ndege gani huyu?" bila kutaja ukubwa, mdomo wala mahali, wasubiri mpaka waandike upya.

Shikamoo mwandishi. Hapa Kinondoni kuna kunguru mwenye kidari cheupe na ukosi mweupe hadi shingoni. Wenzake wote ni weusi. Ana kasoro, au ni chotara wa kunguru na njiwa?

Marahaba. Kunguru hazai na njiwa, tulimalize hilo. Na huyo hana kasoro yoyote. Ndiye kunguru wetu wa asili, anayepatikana karibu Afrika nzima kusini mwa Sahara, na weupe wake wa kidari na shingo ndio sare yake tangu anatoka kiotani. Wageni ni hao wengine, weusi wenye shingo ya kijivu. Waliletwa Unguja kutoka Bara Hindi miaka ya 1890 ili wale takataka, wakafika Bara, na leo wameshika mji mzima. Wanakula mayai na makinda ya ndege wadogo, na kunguru mwenyeji wamembana kiasi kwamba mtoto aliyezaliwa Dar akimwona anamwita kiroja.

Swali hili hunirudia mara kwa mara, basi likate jibu hili ulihifadhi. Mwenyeji ni mkubwa zaidi, karibu sentimita 46 hadi 50 toka mdomo hadi mkia, ana mdomo mnene, na mpaka kati ya weusi na weupe umekatika kama uliochorwa kwa rula. Mgeni ana sentimita 40 hivi, na kijivu chake cha shingoni huyeyukia kwenye weusi taratibu.

Kabla hujaniandikia, hakikisha pia ndege wako si mweupe kwa haki yake. Yangeyange ni mweupe. Shomoro dume ana mstari mweupe begani. Yule mwembamba wa rangi mbili anayekimbia kwenye vibaraza akitikisa mkia, ndivyo alivyo. Yule mdogo wa mdomo mwekundu, mkia mrefu mweusi na tumbo jeupe, anayewafukuza wenzake kwenye mtama wako, ni dume aliyevaa nguo za msimu wa kuzaa. Msimu ukiisha anarudi kuwa wa kahawia.

Kunguru wa kijivu anayekuja jalalani kwetu Mikocheni ana mistari myeupe kwenye mabawa, na manyoya yake yamekatika katika. Ni uzee?

Si uzee, ni njaa ya utotoni. Tumbo lilikuwa limejaa, ila limejaa vyakula visivyojenga. Kinda anayelishwa makombo ya ugali, chapati na chipsi hapati protini ya kutosha, na unyoya karibu wote ni protini. Mwili ukipungukiwa, rangi nyeusi haiwekwi sawasawa, na sehemu iliyokosa rangi huwa laini na kukatika mapema. Rangi hiyo, melanini, ndiyo inayoupa unyoya ugumu. Shakwe wengi wana ncha nyeusi za mabawa kwa sababu hiyo hiyo: ncha ndiyo inayosuguliwa na upepo zaidi.

Fungua macho akiruka juu yako. Kinda huotesha manyoya yote ya bawa kwa wakati mmoja, kwa hiyo siku za njaa huacha mstari unaolingana toka unyoya mmoja hadi mwingine, kama mstari wa maji ya mafuriko ukutani. Mkubwa hubadili manyoya moja moja, jozi kwa jozi, kulia na kushoto. Huyo hawezi kuwa na mstari ulionyooka bawa zima. Kisha subiri. Unyoya uliokwisha kuota umekufa kama ukucha, hata ukimlisha nyama kila siku hautageuka mweusi. Manyoya ya bawa ya utotoni hukaa karibu mwaka mmoja. Yakidondoka na mapya yakaja meusi tii, chakula ndicho kilichokuwa tatizo.

Usichukue jibu hili kuwa ruhusa ya kuanza kuwalisha kunguru. Funika pipa la taka. Na wale wanaotupia ndege wadogo mkate kila asubuhi, nao waache: weka kipande cha papai lililoiva, ndizi, au kiganja cha mtama.

Kuna njiwa mweupe pee Kariakoo. Ni nadra?

Ni njiwa wa kufugwa aliyetoroka.

Shomoro wangu wa Tabata alikuwa na unyoya mmoja mweupe mwaka jana. Sasa anayo saba, yametapakaa kichwani na mgongoni. Je, ni ualbino unaoenea?

Asante kwa kuhesabu. Wengine wangeandika "mengi mengi" na nisingeweza kujibu kitu.

Ualbino hauenei. Ndege mwenye ualbino anazaliwa nao mwili mzima, kwa kuwa mwili wake hauna kimeng'enya kinachohitajika kutengeneza melanini. Hana nusu wala robo. "Albino kiasi" unayoisikia kila mahali ni maneno yasiyo na maana, sawa na kusema mjamzito kidogo. Kipimo ni mboni: yake ni ya waridi, kwa sababu unaona damu moja kwa moja. Bila rangi ndani ya jicho mwanga humsumbua na hapimi umbali vizuri, kwa hiyo wengi hufa muda mfupi baada ya kutoka kiotani. Ukiona ndege mzima, mwenye afya, anayekwepa paka na kugombea chakula, na macho yake ni meusi, usitaje ualbino.

Shomoro wako ana mvi. Ndilo neno linalofaa. Chembe zinazotia rangi zinapotea kidogo kidogo, na kila akinyonyoka yanarudi meupe zaidi ya yale ya awali. Mvi huanza ovyo: moja hapa, mawili pale, bila mpangilio wa kulia na kushoto. Mtaalamu Hein van Grouw wa Makumbusho ya Historia Asilia ya Uingereza, aliyeshughulikia sana suala hili, anashikilia kwamba ndege wengi wenye manyoya meupe tunaowaona porini wako katika kundi hili la mvi, na ninakubaliana naye.

Kitu cha tatu ni baka la kuzaliwa. Hapo chembe za rangi hazikufika sehemu fulani ya ngozi wakati ndege akiumbika ndani ya yai. Chembe hizo huanzia mgongoni, kwenye mstari wa uti, na kusafiri kwenda pembeni. Zikiwa chache au zikichelewa, sehemu za mbali ndizo zinazokosa: uso, ncha za mabawa, tumbo, vidole. Kwa hiyo baka la kuzaliwa mara nyingi hulingana pande mbili, huwepo tangu manyoya ya kwanza, na halibadiliki maisha yake yote. Mdomo au mguu ukiangukia kwenye baka huwa wa waridi, lakini mboni hubaki nyeusi kwani rangi ya ndani ya jicho haitokani na safari hiyo.

Ukitaka kujua ni ipi kati ya mvi na baka, chora ndege wako leo, weka alama kila penye weupe, na umchore tena baada ya miezi kumi na miwili. Weupe ukiongezeka, mvi. Ukikaa pale pale, baka. Picha moja haitoshi.

Na kama weupe ni unyoya mmoja tu upande mmoja, kumbuka paka. Tundu la unyoya likijeruhiwa laweza kutoa unyoya mweupe. Kumbuka pia chokaa, na kinyesi cha waliolala tawi la juu. Hicho huondoka mvua ikinyesha.

Mnana amekosa rangi nyeusi zote lakini ni wa njano kama kawaida. Inawezekanaje, kama amepoteza rangi?

Swali zuri, na ni la pekee lililonifurahisha. Njano na nyekundu nyingi za ndege hazitokani na melanini, zinatokana na karotinoidi anazozipata kwenye chakula. Mwili unaweza kushindwa kutengeneza melanini huku ukiendelea kutia njano. Ndivyo shore naye, akiwa mweupe kichwa hadi mkia, atabaki na njano chini ya mkia. Chozi ni kinyume: ile kijani na zambarau inayometameta si wino, ni mwanga unaochezeshwa na tabaka za melanini zilizopangwa ndani ya unyoya. Melanini ikikosekana, hakuna cha kumetameta.

Nimeona kunguru wa rangi ya chai ya maziwa pale Feri. Jua limemchoma?

Nusu yake. Ana melanini lakini haikukamilika kutengenezwa, ikaishia kahawia, na kahawia hiyo hupauka haraka sana juani. Akikunjua bawa utaona sehemu zilizokuwa zimefunikwa ni nyeusi zaidi kuliko za nje. Karibu kila mara huyo ni jike: hitilafu hii iko kwenye kromosomu ya Z, inayohusika na jinsia, na jike anayo moja tu, kwa hiyo nakala moja yenye kasoro inatosha.

Mwandishi, Kigamboni tumeona ndege zeruzeru. Kuna mtu anatoa hela nzuri tukimkamata. Tufanyeje?

Msimkamate. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 haimruhusu mtu kukamata mnyamapori bila kibali, na ndege wa bustanini ni mnyamapori hata kama amejenga kwenye mwembe wako. Mwaka 2016 serikali ilifunga biashara ya kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi, na kila anayekwambia "kuna Mwarabu anataka" anakutafutia kesi. Ripoti kwa ofisa wanyamapori wa wilaya au kwa TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori, na uhifadhi namba ya simu ya huyo mnunuzi.

Sasa kuhusu hilo neno. Zeruzeru si jina la mtu wala la ndege. Katika nchi ambayo watu wenye ualbino wamekatwa viungo na kuuawa kwa sababu ya uongo wa waganga, anayelipia weupe wa kiumbe chochote asichukuliwe kama mteja wa kawaida. Leo anataka ndege. Muulize anamtaka wa nini, uone kama atakutazama usoni.

Je, kumwona ndege mweupe ni bahati?

Hapana.

Huyu mweupe anaweza kuwaambukiza kuku wangu wa Gongo la Mboto?

Weupe hauambukizi, uwe mvi, baka au njaa. Cha kuogopa ni kideri, ugonjwa unaoua kuku, na hicho hakina rangi. Ndege wenye sura njema kabisa waweza kukileta, na hata viatu vya jirani aliyetoka kununua kuku. Kama hujawapa kuku wako chanjo ya I-2, tone moja la jicho kwa kila kuku na kurudia kila baada ya miezi mitatu, acha kumtazama ndege juu ya paa na uende duka la dawa za mifugo. Vipele vya ndui usoni pia si "mabaka meupe", kama mmoja wenu alivyoandika.

Nimweke ndani ya tundu ili asiliwe na mwewe?

Kunguru hafugiki, na shomoro wa porini hufa tunduni kwa hofu kabla mwewe hajapata habari. Funga paka wako, hasa makinda yanaposhuka chini wakati wa masika na vuli. Weka sahani ya maji yenye kina kisichozidi sentimita 3, mita mbili kutoka kichaka chochote ambacho paka anaweza kujificha, na umwage maji kila siku usije ukafuga mbu wa dengi.

Nipige picha vipi ili unijibu safari hii?

Simu huunguza weupe: baka dogo linageuka mwanga mtupu, na ndege wa kijivu anaonekana mweupe. Gusa skrini juu ya sehemu nyeupe kabisa ya ndege, kisha telezesha kidole chini mpaka uone mistari ya unyoya. Piga asubuhi kabla ya saa tatu au jioni baada ya saa kumi, jua likiwa nyuma yako. Saa sita mchana usijisumbue.

Nahitaji picha nne: ubavu wa kushoto, ubavu wa kulia, mabawa yakiwa yamekunjuliwa, na kichwa kwa karibu ili mboni ionekane. Andika tarehe, mtaa, na rangi ya mdomo na miguu. Usipitishe kwenye programu za kung'arisha. Picha hizo hizo zipeleke kwenye Atlasi ya Ndege wa Tanzania au kwenye tovuti ya iNaturalist, maana kumbukumbu ikibaki kwenye simu yako tu, simu ikiibiwa Mbagala imekwisha. Msomaji aliyenitumia picha ya kivuli cha ndege kwenye bati, nimeiona.